Buyu, Ngozi na Uzi Mfupi

Buyu la kutengenezea banjo halikatwi likiwa bichi. Linaachwa kwenye mmea wake mpaka majani yote yakauke, kisha linaning'inizwa mahali penye hewa kwa miezi kadhaa. Katika muda huo linaota ukungu mweusi, linanuka, na mtu asiyejua atadhani limeoza na kulitupa. Likiwa tayari, ukilitikisa utasikia mbegu zikicheza ndani. Hapo ndipo linapolowekwa kwenye maji na kusuguliwa kwa stilwaya mpaka ukungu utoke pamoja na ganda la juu, na chini yake panatokea rangi ya asali. Wanawake wa kwetu Iramba, waliokua wakiandaa vibuyu vya maziwa na vya maji, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mimi mtoto wao nilikwenda kulifundishwa ng'ambo ya bahari, nikiwa na miaka 34.

Mwaka 2013 kanisa lilinituma kusoma katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Kila Jumatano jioni sharika kadhaa za mji ule zilikuwa na darasa la Biblia la pamoja, Walutheri, Wamethodisti na Wabaptisti, na baada ya darasa watu walikula pamoja. Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, seremala aliyestaafu. Aliposikia kwamba ninatoka Tanzania hakuniuliza habari za simba wala za Mlima Kilimanjaro. Aliniuliza kama kwetu watu wanapanda mabuyu. Nikamwambia wanapanda. Akauliza kama wanayawamba ngozi na kuyatia nyuzi. Nikamwambia kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa na zeze.

"Na sasa nani analipiga?"

Nikamjibu kwamba hakuna. Alinitazama kitambo, kisha akaniambia Jumamosi nije kwake nikiwa na nguo za kazi.

Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limejaa mbao, na mabuyu yamening'inia darini kama popo. Alianza kwa kuweka penseli juu ya kipande cha ubao, akalizungusha buyu mbele ya ile penseli, na mstari ukajichora sawasawa pande zote. Akakata kwa msumeno wa meno madogo, polepole, karibu theluthi moja ya buyu ikatoka kama mfuniko. Ndani mna nyuzinyuzi nyeupe na mbegu, vinakwanguliwa kwa kijiko. Vumbi lake ni chungu kama mwarobaini, nalo linaumiza mapafu, kwa hiyo tulijifunga vitambaa puani. Kisha ule mdomo wa buyu unasuguliwa juu ya msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, unasuguliwa mpaka ukilifudikiza buyu juu ya meza mwanga usipite chini yake. Kazi hiyo peke yake ilitumaliza asubuhi nzima.

Ngozi ni ya mbuzi, mbichi, haijatiwa dawa. Inalowekwa mpaka inakuwa laini kama kitambaa, inatandazwa juu ya mdomo wa buyu, na inafungwa kwa misumari midogo kama ile ya fundi viatu. Msumari wa kwanza unapigwa upande wa juu, wa pili chini, wa tatu kulia, wa nne kushoto, halafu unaendelea hivyo, kila upande ukingoja mwenzake. Mtu mgeni katika kazi hii hutaka kuivuta ngozi kwa nguvu zake zote, kama anayewamba ngoma. Mzee alinishika mkono. Ngozi ikikauka itajivuta yenyewe, akasema, na buyu si mti, lina mwisho wa uvumilivu wake. Alikuwa na mabuyu mawili yaliyopasuka usiku, ngozi zikiwa zinakauka, na alikuwa ameyatundika karibu na mlango ili wageni wayaone.

Jambo lililonishangaza zaidi ni shingo. Nilidhani inagundishwa kwenye buyu. Kumbe ni mti mmoja mrefu unaoingia upande mmoja wa buyu na kutokea upande wa pili, na nyuzi zinafungwa kwenye ncha yake ile inayochungulia nje chini. Nyuzi zinavuta kwa nguvu nyingi, na nguvu yote hiyo inabebwa na ule mti uliopita ndani. Buyu lenyewe halibebi karibu chochote. Linatoa sauti tu. Matundu mawili ya kupitisha mti yanachongwa kwa kisu na tupa, kidogo kidogo, kwa maana ukizidisha hakuna wa kukurudishia ganda lililotoka. Kisha vinachongwa vigingi vya kukazia nyuzi, vyembamba kuelekea nchani, na kila tundu linatoboliwa kwa umbo hilohilo. Kigingi kikibana mno hakizunguki, kikilegea kinateleza. Dawa yake ni chaki na sabuni kavu: chaki inashika, sabuni inaachia.

Banjo la namna hiyo halina vyuma vya kugawanya sauti shingoni kama gitaa. Kidole kinatafuta mahali pake chenyewe, kama kwenye zeze. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo, siku hizi wengi hutumia nailoni. Nne zinaanzia juu kabisa penye vigingi. Ya tano ni fupi, inaanzia katikati ya shingo, ubavuni, na kigingi chake kimesimama peke yake kama mtu aliyekataa kuingia kwenye mstari. Huo uzi mfupi ndio unaotoa sauti nyembamba kuliko zote, nao haubonyezwi kamwe. Unapigwa kwa kidole gumba, sauti ileile, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, nyuzi nyingine zikipanda na kushuka kando yake. Mhubiri hawezi kuona kitu cha namna hiyo akakiacha bila kukitolea mahubiri. Nimeshakitolea matatu. Hapa nawahurumia wasomaji.

Wamarekani wengi ukiwauliza watakuambia banjo ni chombo cha wazungu wa milimani. Yule shemasi alinipa vitabu vinavyosema vingine, navyo nikavisoma kuliko nilivyosoma baadhi ya vitabu nilivyotumwa kusoma. Daktari aitwaye Hans Sloane alifika Jamaika mwaka 1687, na katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1707 alitia picha za vyombo vya nyuzi vya watumwa wa Kiafrika, vikiwa na mabuyu yaliyowambwa ngozi. Kuna mchoro wa rangi wa miaka ya 1780 kutoka South Carolina kwenyewe, uliochorwa na mwenye shamba aitwaye John Rose, unaoonyesha watumwa wakicheza mbele ya vibanda vyao, na mmoja ameketi akipiga banjo la buyu. Uzi mfupi unaonekana. Hata leo Wajola wa Gambia na Senegal wanalo buyu lao liitwalo akonting, lenye ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, na mmoja wa hizo ni mfupi wa kupigwa kwa gumba. Watu walioingizwa melini bila nguo walibeba kichwani umbo la chombo hiki, na walipopata buyu na mbuzi katika nchi ya ugeni wakalitengeneza upya.

Lakini yupo mtu mwingine katika historia hiyo aliyenikalia moyoni zaidi ya wapigaji, naye ni mwandishi wa sheria. Jumapili tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono katika South Carolina, watumwa waliasi, wakaandamana barabarani wakipiga ngoma. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba viongozi wao walitoka Kongo, ufalme ambao mfalme wake alibatizwa mwaka 1491, kwa hiyo huenda baadhi yao walikuwa Wakristo kabla hawajaona meli. Maasi yalizimwa kwa damu. Mwaka uliofuata, 1740, ikatungwa sheria iliyowakataza watumwa, pamoja na mambo mengine mengi, kuwa na ngoma, pembe na vyombo vingine vya sauti kubwa. Walioitunga walikuwa watu wa kanisani. Walijua vizuri kwamba chombo cha muziki si kitu cha kupitishia wakati tu.

Banjo lilikuwa na sauti ya unyonge, likapita katika tundu la sheria. Likaja kukamatwa na kitu kingine. Watumwa na wazao wao walipoamshwa na injili, wengi walifundishwa kwamba banjo na fidla ni vyombo vya shetani, kwa kuwa vilipigwa penye dansi na ulevi, na aliyeokoka aliviweka chini. Na kuanzia miaka ya 1830 wazungu walianza kujipaka masizi usoni na kupanda majukwaani na mabanjo, wakiwaigiza watu weusi ili watazamaji wacheke. Muda si muda viwanda vikaanza kuyatengeneza. William Boucher, mtengeneza ngoma wa Baltimore, aliyauza katika miaka ya 1840, pete ya ubao ikiwa mahali pa buyu. Basi mtu mweusi aliyeshika banjo akawa amebanwa pande mbili, kanisani anaambiwa ni dhambi, na barabarani linamkumbusha wale wanaomdhihaki. Shemasi aliniambia kwamba bibi yake hakuruhusu banjo livuke kizingiti cha nyumba. Hakumwuliza sababu, kwa kuwa sababu zote mbili zilionekana usoni pake.

Ndipo nikamsimulia habari za zeze la babu.

Babu alibatizwa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akiwa mtu mzima mwenye watoto watano. Mwinjilisti aliyemfundisha alimwambia kwamba zeze haliingii naye katika maji. Kabla ya ubatizo, mbele ya watu, akalitoa, nalo likachomwa pamoja na hirizi na vitu vya tambiko vya watu wengine. Nilimfahamu babu katika uzee wake. Alikaa benchi la nyuma upande wa wanaume, hakukosa ibada, na sikuwahi kumsikia akiimba. Watu walipoimba alisimama, amefumba mdomo, mkono wa kushoto umeshika fimbo yake juu, na vidole vinatembea juu ya ile fimbo. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni ugonjwa wa kutetemeka.

Nilikuwa nimezoea kuisimulia habari hii kama habari ya udhalimu wa kanisa. Ni rahisi kuisimulia hivyo, hasa chuoni, mahali ambapo wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapenda kuwahukumu wamisionari kabla ya chai ya saa nne. Lakini mama yangu, ambaye wakati ule alikuwa msichana wa miaka saba na aliuona ule moto, hakubali kabisa isimuliwe hivyo.

"Wewe unaongea kitabu," huniambia. "Mimi naongea njaa."

Kwa maana zeze la babu lilikwenda na pombe. Mpigaji hakulipwa fedha, alilipwa kibuyu, na penye sherehe ya mavuno aliitwa kijiji hiki, kisha kile, na kile. Alitoka nyumbani Ijumaa, akarudi Jumanne. Shamba lilimngoja, bibi hakuweza kulingoja. Mama anakumbuka miaka ambayo mtama wa akiba uliisha kabla ya wakati kwa sababu baba yao alikuwa anawafurahisha watu wengine. Baada ya ule moto, babu alirudi nyumbani. Mama anasema hivyo tu, "alirudi nyumbani," kama mtu anayesimulia mwisho wa vita. Kwake yeye, siku ile zeze lilipochomwa ndiyo siku aliyompata baba.

Nani basi atamwambia kwamba mwinjilisti alikosea?

Nimelirudia jambo hili mara nyingi nikiwa na Biblia mkononi. Mwanzo sura ya 4 inasema kwamba baba wa wapiga kinubi na filimbi ni Yubali, naye ni wa uzao wa Kaini. Wapo wanaolitumia neno hilo kuwaonya wanakwaya. Lakini tazama ndugu zake: Yabali ni baba wa wafugaji wakaao hemani, na Tubal-kaini ni mfua shaba na chuma. Nikiwa katika lile banda nilikuwa nimeshika ngozi ya mfugaji kwa mkono mmoja na patasi ya mhunzi kwa mkono wa pili, nikitengeneza kazi ya Yubali. Wote watatu ni wana wa mzao wa mwuaji, na hakuna kanisa lililowahi kumwambia mfugaji achome ng'ombe wake kabla ya ubatizo. Zaburi ya 150 inaviita vyombo vya kila namna, bila kuuliza vililala wapi usiku wa jana. Na nabii Amosi, anayekataa kelele za vinanda vya Israeli, anavikataa vikiwa hekaluni, mikononi mwa watu safi, kwa sababu maskini wanadhulumiwa nje.

Sisi Walutheri tuna sababu zaidi ya kunyamaza kidogo. Martin Luther mwenyewe alipiga chombo cha nyuzi kiitwacho luti, na luti ni mjukuu wa udi wa Waarabu, udi uleule unaopigwa katika taarabu Unguja. Kinanda cha filimbi kimepita mikono mingi ya kipagani kabla ya kuketi madhabahuni. Tarumbeta zinazotuamsha asubuhi ya Pasaka ni ndugu wa tarumbeta za jeshi. Vyote hivyo vilikuja kwetu vikiwa vimeshasamehewa. Zeze lilikuja bila mtu wa kulidhamini.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na yule mwinjilisti, ambaye nadhani alikuwa mtu mwema na kwa habari ya pombe aliona sawasawa. Alijua cha kumtoa babu mkononi. Hakuwa na cha kumtia. Alimpa kitabu cha nyimbo, na babu hakujua kusoma. Alimpa nyimbo za Kijerumani na za Kiswidi zenye maneno ya Kiswahili, na sikio la babu halikuona mlango wa kuingilia. Mtu mwenye kipawa kikubwa kuliko wote katika usharika ule alikaa benchi la nyuma karibu miaka 30, na hakuna aliyemwuliza kama ana wimbo. Miaka saba tu baada ya ubatizo wake, mwaka 1968, pale Makumira, mmisionari Howard Olson alitoa kitabu cha Tumshangilie Mungu, nyimbo za Kikristo zenye sauti za Kiafrika, nyingi zikiwa zimetungwa na Watanzania wenyewe. Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini Haleluya, sasa umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani. Niliusikia ukiimbwa South Carolina, na wenyeji wangu wakashangaa kuniona nimeishiwa na sauti. Walidhani ni kukumbuka nyumbani. Nilikuwa ninahesabu miaka saba.

Niliporudi nilitengeneza banjo la pili, hapa chuoni, kwa vitu vya kwetu. Buyu lilitoka Iramba juu ya basi, limefungwa kwenye kanga. Ngozi ilitoka kwa mchinjaji, na ilibidi nimweleze mara mbili kwamba siitaki ikiwa na chumvi. Shingo ni ya mninga, kipande kilichobaki kwa seremala anayetengeneza mabenchi ya kanisa na majeneza, na vigingi ni vya mpingo, mti ambao unauzwa Ulaya kutengenezea klarineti na hapa tunauchomea mkaa. Nyuzi ni nailoni za kuvulia samaki. Mninga ni mti wa heshima, unakatika kwa tezo bila ugomvi, na una harufu nzuri. Mpingo ni adui wa patasi. Kigingi kimoja kilinichukua jioni mbili.

Wanafunzi walikuwa wakipita, wakaanza kusimama, mwisho wakawa wanashika msasa. Siku moja mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyekuwa mwinjilisti miaka 12 kabla ya kuja chuoni, akaniuliza huku anasugua: "Mchungaji, mganga akija na ngoma yake aliyoitia pepo, akataka ubatizo, nimwambie endelea kuipiga?"

Wenzake walinyamaza, na msasa ukanyamaza. Nilimwambia hapana, ile ngoma nisingemwambia aendelee kuipiga. Ngoma ile imetengwa kwa bwana mwingine, na yeye mwenyewe mganga atakuwa wa kwanza kuiogopa. "Na zeze la mlevi?" Nikamwambia kwamba mlevi nitamwuliza yeye mwenyewe, mimi na yeye na mkewe, tena mke azungumze kwanza; na kama wataamua liwekwe chini, basi nitakuwa nimejitia deni mimi, si yeye, la kumtafutia mahali pa kuimba. Yule ndugu alifikiri, kisha akasema kwamba huko anakotumika wazee wa kanisa hawatasubiri mashauri marefu hivyo. Anawajua kuliko mimi. Niliona ana haki, na sikuwa na jibu la kumtosha.

Wanafunzi walitaka banjo lipigwe katika ibada ya Ijumaa. Nilikataa, na wengine walidhani namwogopa mkuu wa chuo. Ukweli ni kwamba mama alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Siku ya kwanza aliyoliona limetundikwa sebuleni hakusema neno. Alikaa akilipa mgongo. Jioni aliniita "Mchungaji," na mama akiniita hivyo badala ya jina langu najua kwamba kesi imefunguliwa.

"Mchungaji, kile kitu ni cha nani?"

"Ni changu, mama. Nimekitengeneza."

"Mikono hiyo ni ya baba yangu," akasema. Halikuwa sifa, wala sikudhani ni lawama tupu.

Paulo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 anasema juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Anajua kwamba sanamu si kitu na nyama haina kosa, na hata hivyo yuko tayari kutoila milele kama itamkwaza ndugu yake. Nimeifundisha sura hiyo darasani kila mwaka, na siku zote nilimwona yule ndugu dhaifu kama mtu asiyeelewa bado. Mama yangu si mtu asiyeelewa. Anaelewa jambo nisilolielewa mimi, alilijifunza kwa tumbo lake. Nikaamua kwamba banjo halitaingia katika kanisa la chuo mpaka yeye aliruhusu, na kama hataliruhusu, litakaa ukutani. Nililihamishia chumbani, nikawa ninalipiga mchana akiwa amelala, au nilipodhani amelala.

Mvua za Machi zilipoanza, ngozi ikalegea, kama ilivyo desturi ya ngozi mbichi. Hewa ikiwa na maji sauti ya chombo inashuka na kuwa nzito. Ilibidi nilikaushe karibu na jiko la mkaa na kukaza nyuzi upya kila siku. Jumamosi moja nilikuwa jikoni nikifanya hivyo. Mama alikuwa mlangoni ameketi juu ya mkeka, ungo wa mchele mapajani, anachambua kwa vidole kwa kuwa macho bado yalikuwa yamefungwa bandeji moja. Nilipiga uzi wa kwanza, wa pili, nikarudi kwenye wa tatu. Nikapiga wote pamoja na ule mfupi.

"Huo mdogo umelala," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikausikiliza. Kwa sikio langu ulikuwa sawa. Nikakizungusha kigingi kidogo, nikapiga tena.

"Bado." Akaacha kuchambua. Akatoa sauti puani, nyembamba, moja tu, akaishikilia bila kuitikisa. Nikakaza mpaka uzi ukakutana naye.

"Hapo," akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.